KUH: KUONGEZWA NJIA BILA IDHINI YANGU

Kwa Mkurugenzi na wasimamizi wa wodi ya wazazi,

Salamu. Naandika nikiwa nimekalia upande mmoja wa kiti, na mwanangu ana siku 26. Nimepiga simu ofisini kwenu mara tatu, na mara zote tatu nimeambiwa nisubiri.

Sera yenu ya idhini ya mgonjwa mnaijua kunishinda. Mmeitia fremu pale mapokezi. Nitasema tu yaliyopita usiku ule nilipojifungua, nilipoongezwa njia, yaani kukatwa kwa mkasi mlango wa uke ili mtoto apite.

Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeanza kuonekana. Sista alikuwa ametoka kusikiliza mapigo yake, akamwambia mwenzake yako sawa. Kisha nikasikia chuma kinagonga sinia. Nikauliza ni cha nini. Akasema, "Tunakuongeza njia." Nikamwambia sitaki, nipeni muda nisukume. Nikarudia: sitaki. Akanijibu, "Kwani wewe ndiye daktari?" Akakata, na ganzi sikupigwa.

Bili ilipokuja, kushonwa kumeandikwa shilingi 6,500. Nililipa, maana bila risiti ya malipo askari wa lango hakufungulii. Kutoka hapo hadi Kisauni ni tuktuk, na kila tuta nililihesabu.

Mwezi wa nane wa mimba, daktari wenu wa kliniki aliandika kwa mkono wake kitabuni mwangu kwamba nisiongezwe njia ila kwa dharura, tena nielezwe kwanza. Kitabu hicho kilikuwa juu ya kabati, hatua mbili kutoka kitandani. Hakuna aliyekifungua.

Naomba mnielewe vizuri. Sisemi mkasi hauna kazi. Mapigo ya mtoto yakishuka, au ikibidi avutwe kwa vifaa, kukata kwaweza kumwokoa, na hapo ningekubali bila kusita. Dada yangu alipasuliwa kwa dharura katika hospitali nyingine papa hapa Mombasa. Walimwambia sentensi moja, kwamba mapigo ya mtoto yanashuka, akatia sahihi mkono ukimtetemeka. Mpaka leo hana kinyongo na mtu. Sentensi moja tu, nami nikanyimwa.

Afisa wenu wa huduma kwa wateja aliniambia eti kila mwenye mimba ya kwanza hukatwa asije akachanika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 haupendekezi kumkata kila mzazi kwa mazoea. Na Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 9, inataka idhini ya mgonjwa aliyeelezwa akaelewa. Hata pale ambapo kuchelewa kwaweza kuua, sheria hiyo inasema: iwapo mgonjwa hajakataa. Mimi nilikataa mara mbili.

Mara mbili! Nilikuwa nimeuma kanga ya mamangu, nikaitoa mdomoni ili nisikike. Yule sista wa pili alinisikia, kwa sababu aliinamisha macho akatazama sakafu. "Kwani wewe ndiye daktari?" Kisha mkasi. Nilisikia sauti yake kabla ya maumivu, kama kitambaa kizito kinachokatwa. Na wakati wa kushona, ile ganzi waliyoipiga sasa haijashika, nilipolia niliambiwa, "Tulia, si ulitaka mtoto?"

Nilipoanza barua hii nilitaka mambo mawili: msamaha wa maandishi, na maelezo ya sababu ya kukatwa. Sasa nataka pia nakala ya faili langu lote, pamoja na karatasi ya mapigo ya mtoto ya usiku ule, na shilingi 6,500 zangu. Wale masista wawili nao wahojiwe, na nijulishwe matokeo.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nimeshasubiri vya kutosha. Nawapa siku 7. Zikipita, malalamiko yangu yatafika Baraza la Madaktari na Baraza la Wauguzi, na wakili atawaandikia kudai fidia. Hapo msamaha peke yake hautatosha.

Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi.

Wenu,
Mzazi, Kisauni