Kuhusu fedha za kamusi yetu

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Sisi hatujambo, na shemeji yako bado anauliza kitabu chake, ambacho naona umeshakirithi. Nakuandikia kwa haraka kwa kuwa Mwalimu amenipasha habari kwamba shirika moja la kutafsiri Biblia limekubali kugharimia kamusi na tahajia ya lugha yetu, na kwamba kamati inangoja kauli yako.

Nisingependa ukatae kwa sababu tu fedha zimetoka kanisani. Lugha yenye wasemaji wachache haigombaniwi na serikali wala wafanyabiashara. Hata sarufi za mwanzo za Kiswahili ziliandikwa na wamisionari, Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 na Steere wa Zanzibar, ingawa tenzi za dini zilikuwa zikiandikwa kwa hati za Kiarabu zamani kabla yao.

Kinachonikera ni desturi ya mashirika kama haya ya kuvaa kofia mbili. Mwaka 1934 William Cameron Townsend alianzisha mafunzo ya isimu yaliyozaa shirika la SIL (Summer Institute of Linguistics), na mwaka 1942 likafuata shirika la kutafsiri Biblia, Wycliffe Bible Translators. La kwanza lilizungumza na serikali na vyuo vikuu habari za isimu na elimu, la pili likazungumza na waumini wanaochanga, na wafanyakazi mara nyingi walikuwa walewale. Mexico ilivunja mkataba wake na SIL mwaka 1979, na Ecuador ikaliamuru liondoke mwaka 1981. Hata hivyo, orodha ya lugha ya Ethnologue ni kazi yao, fonti ya Charis, yaani herufi za kompyuta za kuandikia lugha nyingi, ni yao, na misimbo ya ISO 639-3, yaani herufi tatu za kutambulisha kila lugha, wanaisimamia wao. Mimi mwenyewe navitumia vyote huku nikinung'unika.

Lakini nirudi kwenye fedha. Wengi wa wafanyakazi hao huchangiwa na makanisa na watu binafsi, ambao huandikiwa barua za kuelezwa kazi imefika wapi. Sasa fikiri, mchangaji anatamani kusoma nini? Akisikia Injili ya Marko imekamilika atafurahi na kuongeza mchango. Akisikia kwamba nyimbo za matambiko za wazee wetu zimerekodiwa na kunakiliwa neno kwa neno, huenda akauliza fedha yake imekwenda wapi. Hakuna atakayezipiga marufuku nyimbo hizo, ila hazitapata fungu katika bajeti, nasi tutazikosa vilevile. Ndiyo maana nasema tupokee, lakini fungu la nyimbo na la vitabu vya watoto liandikwe ndani ya mkataba. Ahadi za mdomo sizitaki.

Tahajia nayo isiachiwe dhehebu moja. Waigbo wa Nigeria walivutana juu ya tahajia tangu 1929 hadi ilipopatikana ile ya kamati ya Onwu mwaka 1961, Wakatoliki upande huu na Waanglikana upande ule, na watoto wao katikati.

Je, hakimiliki ya kamusi na ya sauti zitakazorekodiwa itakuwa ya nani? Wazee wasio Wakristo wameambiwa waziwazi mfadhili ni nani, au wameambiwa tu kwamba ni mradi wa elimu? Agano Jipya likishazinduliwa, nani atalipa? Na wewe umeombwa uwe mhariri wa kamusi, au mtafsiri? Mwalimu alipofika hapo alibadilisha mazungumzo.

Nitumie nakala ya mkataba kabla hujatia saini, hasa ukurasa wa hakimiliki.

Nduguyo akupendaye