Kosa la Seattle halikuwa kupiga pasi

Ndugu Mhariri,

Mchambuzi wenu alipogusia Super Bowl, fainali ya ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani (NFL), ya Februari 2015 alirudia wimbo ule ule: kwamba kocha Pete Carroll wa Seattle Seahawks alichanganyikiwa kuamuru pasi badala ya kumpa mpira mkimbiaji wake, Marshawn Lynch. Naomba nimbishie kidogo, mimi niliyekesha hapa Dar es Salaam hadi alfajiri ya Jumatatu, nikaenda kazini macho mekundu.

Hali ilikuwa hivi. New England Patriots wanaongoza 28 kwa 24. Seattle wako yadi moja kutoka mstari wa goli, jaribio la pili kati ya manne, sekunde 26 zimebaki, na wana ruhusa moja tu ya kusimamisha saa. Mkimbiaji akiangushwa uwanjani, saa inaendelea kutembea. Pasi ikianguka chini, inasimama yenyewe. Sasa piga hesabu: Lynch akimbie akwame, ruhusa imeliwa, na jaribio la tatu halina budi kuwa pasi, Patriots wote wakijua. Kuanza na pasi kuliwaachia nafasi ya kujaribu mara zote tatu. Tena Lynch huyo tunayemsifu, msimu ule alikuwa amekimbia mara tano kutoka yadi moja akafunga mara moja. Na Bill Belichick, kocha wa Patriots, alikuwa amejaza miamba mbele kumsubiri yeye.

Ugomvi wangu na Carroll uko kwenye aina ya pasi. Kwa nini katikati, kwenye msongamano? Mpokeaji mmoja wa Seattle, Jermaine Kearse, alitakiwa amzibe beki, mwenzake Ricardo Lockette akate ndani nyuma yake, na mtupaji wao Russell Wilson amtupie Lockette upesi. Kearse asipoziba, hakuna mbinu. Na nani alisimama mbele yake? Brandon Browner, beki wa Patriots aliyekuwa mchezaji wa Seattle hadi msimu uliotangulia! Akamkaba pale pale, hakumwacha asogee. Malcolm Butler, chipukizi wa Patriots ambaye hakuna timu iliyomchagua alipotoka chuo, akaona njia nyeupe, akamtangulia Lockette na kuunasa mpira, ukawa wa Patriots. Butler huyo alikuwa ameshapitwa kwa mbinu hiyo hiyo mazoezini kabla ya fainali, na akaonywa. Yaani Patriots walikuwa wameifanyia mazoezi mapema.

Wilson alikuwa na miguu myepesi. Angetolewa pembeni akimbie na mpira mkononi: akiona mtu yuko wazi, ampe, asipoona, autupe jukwaani, saa isimame, Lynch abaki na majaribio mawili. Hilo ndilo la kumuuliza Carroll, na aliyekuwa msaidizi wake wa mashambulizi, Darrell Bevell. Mchambuzi wenu hakuliuliza.

Msomaji wenu,
Ilala, Dar es Salaam