Barua kwa wanangu wa madukani: hesabuni, halafu mfunge

Wanangu mlio nyuma ya kaunta, kuanzia Mbagala hadi Tegeta,

Marahaba. Najua mmeniamkia huku mnapima robo ya sukari na kumtolea mtu pesa kwenye simu, nami nimeipokea hivyo hivyo. Nimefanya biashara ya duka hadi uzeeni, sasa nimewaachia wengine, kwa hiyo ninayo nafasi ya kulisema jambo ambalo ninyi hamna nafasi hata ya kuliwaza.

Mnafungua saa 12 asubuhi, mnafunga saa 5 usiku. Jumapili mnafungua "kidogo tu", na kidogo hicho kinaisha usiku. Hizo ni saa 119 kwa wiki. Mtoto anaondoka shuleni hamjaonana, anarudi hamjaonana. Nikiwauliza, mnanijibu kwa sauti moja: mama, tukifunga wateja watahamia kwa jirani.

Siamini. Tazameni Disemba. Ndugu zetu wa Kilimanjaro wanatia makufuli, wanapanda mabasi kwenda Moshi na Rombo, na sisi tuliobaki tunanung'unika tukitembea mtaa wa pili kutafuta chumvi. Januari wakifungua tunarudi wote, na madeni yetu juu. Unguja nako maduka hufungwa watu waende sala ya Ijumaa, na sijasikia mtu aliyefilisika kwa sababu ya sala.

Kinachowafunga hapo ni kwamba duka zima limo kichwani mwako. Bei ya jumla unaijua wewe. Nani amekopa unga, unajua wewe. Pesa ya gesi ya nyumbani umeichota kwenye droo ya mauzo, na hukuiandika popote. Ukimwachia kijana siku moja ukakuta pungufu, huwezi kujua kama ameiba yeye au umekula wewe. Basi unamfukuza, unaleta mwingine, naye unamfukuza. Vijana wezi wapo, sikatai. Lakini asiyehesabu mali hawezi kumjua mwizi wala kumjua mwaminifu, ndiyo maana analala na funguo chini ya mto.

Sasa nisikilizeni vizuri. Chagueni jioni moja ya wiki, hesabuni kila kitu kilichomo dukani kwa bei ya kuuzia. Tuseme wiki ilianza na mali ya shilingi 3,000,000, mkaingiza nyingine ya 900,000 kwa bei hiyo hiyo ya kuuzia, na sasa imebaki ya 2,800,000. Mali ya 1,100,000 imetoka. Kiasi hicho lazima kionekane: taslimu, pesa zilizolipwa kwa simu, madeni yaliyoandikwa, na vile mlivyobeba kupeleka nyumbani. Ikionekana 1,060,000, kuna 40,000 ya kuulizana, na mnaulizana mkiwa na karatasi mkononi, bila kupiga kelele. Mafuta ya kupima hupungua kidogo kwenye vipimo, hilo likubalini. Wenye uwakala wa pesa za simu kazi yenu ni nyepesi zaidi: floti, yaani salio lililomo kwenye simu, ukijumlisha na taslimu, jibu ni mtaji ule ule asubuhi na jioni.

Mkishafanya hivyo kwa miezi kadhaa, mtaweza kuondoka. Kwenda kikao cha wazazi, kulala mchana, kukaa na mwenzio mkaongea mambo yasiyo ya bei ya mchele.

Jilipeni mshahara, hata kama ni mdogo, ili droo ipumzike.

Na huyo kijana wa duka naye ni mtoto wa mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, apate saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, na siku 28 za likizo kwa mwaka. Wangapi wenu mnampa? Mkimpa, nanyi mtalazimika kupanga zamu, na zamu ikishapangwa mwenye duka naye anapata yake.

Kuna kundi ambalo haya yote hayatalisaidia mpaka litoke kwanza kwenye shimo: waliokopa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Mwenye rejesho la kila siku hawezi kufunga hata akiugua. Msikope ili mjaze rafu. Rafu tupu inavumilika kuliko mtu anayekusubiri mlangoni kila jioni.

Kwa binti zangu nina neno la pembeni. Ninyi mkifunga duka mnafungua jiko. Mume anayesifia duka lako na kula faida yake, mwambie pia saa za kupika ni zipi, aingie zamu.

Saa za kufunga ziandikeni mlangoni kwa herufi kubwa. Atakayegonga saa 4 usiku akitaka sigara, aje asubuhi. Isipokuwa msiba. Jirani akifiwa, fungua hata kama ni alfajiri, mpe sukari na majani ya chai, usimdai mkononi. Ila andika kwenye daftari.

Ni mimi mama yenu,
muuza duka mstaafu, Dar es Salaam