Ulitaka matairi mawili, tukakwambia manne

Wiki iliyopita mama mmoja alitutumia sisi wauza matairi wa Moshi ujumbe wa sauti wa dakika nne. Ni mteja wetu tangu tuko kwenye kibanda cha mabati, kwa hiyo nilimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekuja na RAV4 yake ya mwaka 2004, matairi ya mbele yamebaki kipara, akaomba mawili. Kijana wetu akamwambia, "Mama, hii ni foo wili, inavuta magurudumu yote manne, lazima ufunge manne." Hela ya manne hakuwa nayo. Akaenda kwingine, wakamfungia mawili bila swali, akapanda Rombo na kurudi na gari haina neno. "Kwa hiyo mlitaka kuniibia," ndivyo alivyomalizia.

Nikamwomba alete gari. Nikaingia chini yake mwenyewe, na mama alikuwa na haki.

RAV4 yake ni ile ya injini ya 1.8, ambayo namba ya chasisi inaanza na ZCA. Hiyo inavuta mbele tu. Chini hakuna propela, lile bomba linalopeleka nguvu nyuma, wala difu ya nyuma. Kijana aliona umbo la RAV4, akajibu kwa kukariri. Nimemwomba mama radhi, na kijana sasa ana sheria mpya: kabla hajafungua mdomo kuhusu idadi ya matairi, alale chini ya gari na tochi. Hata wewe ukiwa nyumbani unaweza kuchungulia. Ukiona bomba refu linatoka kwenye gia boksi kwenda nyuma, hiyo ni foo wili. Usipoliona, magurudumu ya nyuma yanaburutwa tu. X-Trail ya zamani nayo ina pande mbili, chasisi ya NT30 ni foo wili na ya T30 siyo. Forester usihangaike kuchungulia, chukulia kuwa ni foo wili.

Sasa, kosa la siku moja lisitufanye tuonekane wezi wa kila siku, maana lalamiko hili tunalipata karibu kila wiki na mara nyingi gari huwa ni foo wili kweli. Acha nieleze.

Chukua RAV4 ya foo wili, ile ya chasisi ya ACA21, tairi lake ni 215/70R16. Tairi jipya lina kina cha kashata, yale meno yanayoshika barabara, kama milimita 8. La zamani labda limebaki na 3. Kwa macho utasema ni kitu kidogo. Lakini tairi lililolika ni dogo, na dogo huzunguka mara nyingi zaidi. Nimepiga hesabu: kila kilomita moja, lile lililolika linazunguka kama mara sita zaidi ya jipya. Ukitoka hapa Moshi kwenda Arusha, kilomita 80, ni mizunguko zaidi ya 500 ya ziada. Nani anaimeza tofauti hiyo? Kile kifaa cha katikati kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kimetengenezwa kuvumilia tofauti wakati unakata kona, halafu kipumzike barabara ikinyooka. Wewe umekipa kona isiyoisha. Kwenye RAV4 hizo mna mafuta mazito ya silikoni ambayo yakipata moto yanakaza. Kwenye Forester ya gia otomatiki ni sahani za klachi, nazo zinaungua. Subaru wenyewe, watengenezaji wa Forester, wanataka matairi manne yasipishane mzingo zaidi ya milimita 6 hivi, ambayo kwa kina cha kashata ni kama milimita moja tu.

Kuna kaka wa Kibosho tulimwambia hivi hivi mwaka juzi. Alicheka, akasema sisi tunauza matairi kama mhubiri anavyouza moto wa jehanamu. Akanunua mawili ya mtumba, akafunga mbele, nyuma akaacha yaliyokuwepo. Miezi kadhaa baadaye akarudi, gari inakaza akikata kona ya kupaki, inarukaruka kama ng'ombe anayevutwa kamba asikotaka kwenda. Alidhani ni upepo. Hela aliyomlipa fundi wa gia boksi ingenunua matairi manane mapya kwetu, na bado alihitaji manne.

Huwa naulizwa, "Na kama sina hela ya manne?" Swali la haki. Ikiwa tairi moja limechanwa na jiwe na mengine matatu bado yana nusu ya maisha, sitakuuzia manne. Hapo ndipo mtumba una kazi yake: tunatafuta tairi la kampuni ileile, saizi ileile, tunapima kina kwa geji mpaka lilingane na wenzake. Inaweza kuchukua siku tatu kulipata. Mwenye X-Trail ya NT30 ana bahati, ana swichi ya 2WD kwenye dashibodi. Abonyeze hapo na aendeshe taratibu mpaka mwisho wa mwezi.

Na kama gari yako ni ya kuvuta mbele kama ya mama, nunua mawili kwa amani, ila mapya yakae nyuma. Kila mtu anataka mapya mbele kwa sababu mbele ndiko injini inakovuta na ndiko usukani uliko. Shuka Marangu mvua ya Aprili ikinyesha, tairi la nyuma halina kashata, ukanyage breki kwenye kona, halafu uniambie nyuma ya gari imetangulia wapi. Mbele ikiteleza unaachia mafuta na gari inarudi. Nyuma ikiteleza dereva wa kawaida haiwahi. Kule alikokwenda mama walimfungia mapya mbele. Tumeyahamishia nyuma, bure.

Tuje kwenye kuchagua lenyewe. Watu wanaingia wanasema wanataka "tairi la misimu yote", wameliona kwenye simu. Misimu yote ya waliolitengeneza ina theluji ndani yake. Yetu ni masika, vuli, vumbi, na lami ya Same saa nane mchana. Alama ya M+S utakayoiona ubavuni maana yake ni tope na theluji, lakini mtengenezaji anaiweka kwa kutazama mchoro wa kashata tu, haimaanishi kuwa limepimwa kwenye tope la Uru. Kwa mtu anayelala Soweto, anafanya kazi mjini na anapanda kijijini mara mbili kwa mwezi, mimi nampa H/T, tairi la barabarani lenye mifereji minne mipana ya kutoa maji. Liko kimya, halili mafuta mengi, linadumu. Anayeishi juu, kwenye ule udongo mwekundu ambao masika unakuwa kama sabuni, achukue A/T ya kiasi, tairi la lami na udongo, avumilie kelele kidogo kwenye lami. Yale ya kashata kubwa kama ya trekta, ambayo vijana wanayafunga kwenye Forester ili ionekane imesimama, sifungi. Nimeshakosana na watu wawili kwa hilo na nipo tayari kwa wa tatu.

Yanayonikera zaidi ni matairi ya baridi. Gari inashuka bandarini kutoka Japani, ina matairi yenye kashata za kuvutia, zimekatwakatwa mistari midogo midogo ya mawimbi. Mwenye gari anafurahi: mapya! Soma ubavuni. Ukikuta neno STUDLESS, au majina kama Blizzak au iceGUARD, hilo ni tairi la barafu. Mpira wake ni laini makusudi ili usigande kukiwa na baridi kali. Kwetu lami ya moto inaula kama kifutio cha penseli, na kwenye kasi gari inayumba kama imekanyaga godoro. Ndiyo hayo hayo yanayouzwa mtumba kwa bei ya chini na kusifiwa kuwa "kashata bado nzima". Mzee mmoja mwalimu mstaafu alinunua manne, akajiona amewahi. Hayakumaliza mwaka.

Mwaka wa tairi. Ubavuni kuna herufi DOT na mwishoni tarakimu nne: 3223 ni wiki ya 32 ya mwaka 2023. Ndiyo tarehe ya kuzaliwa, na haijali tairi limetembea au limekaa stoo. Watengenezaji wengi wanasema likifika miaka 10 litoke hata kama kashata zipo, na kuanzia mwaka wa tano likaguliwe kila mwaka. Desemba moja familia ilikuwa inapanda kutoka Dar kuja Krismasi, tairi likapasuka jua kali maeneo ya Hedaru. Walipofika kwangu na spea nililitazama lile lililopasuka. Kashata nzuri kabisa. Namba yake: 1411, na Desemba yenyewe ilikuwa ya 2022. Ubavu ulikuwa na nyufa kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Mungu aliwasaidia lilikuwa la nyuma kushoto na barabara ilikuwa tupu.

Spea nayo. "Fundi, spea yangu mpya kabisa, haijagusa lami, ifunge hiyo tupunguze gharama." Nafungua kava la mlango wa nyuma, tairi lina vinyweleo vyote vya kiwandani, limeandikwa wiki fulani ya 2005. Lina umri wa kupiga kura.

Kuhusu saizi, usisome kwenye tairi ulilonalo, huenda aliyekuuzia gari ndiye aliyekosea. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko. Kinaandika saizi na upepo. Wajapani wanaandika kwa kPa, 220 ni kama PSI 32, na upepo unapimwa asubuhi gari ikiwa baridi. Nimeshapokea X-Trail ambayo saizi yake ni 215/65R16 ikiwa imefungwa 215/60. Mwenyewe analalamika gari inakwaruza mawe siku hizi, ameshabadilisha shokapu mbili. Ilikuwa imeshuka sentimita moja kwa sababu ya tairi tu, na spidi mita ilikuwa inamdanganya. Baada ya saizi kuna namba ya uzito: 98 ni kilo 750 kwa tairi moja, 91 ni kilo 615. Ukiuziwa la namba ndogo kwa sababu "linaingia", kumbuka mikungu ya ndizi unayoshuka nayo Januari, na shangazi.

Bei zetu. Najua kuna mahali panauza chini yetu, hata mtaa wa pili. Kwetu bei iliyoandikwa ubaoni ina kufunga, balansi, valvu mpya, na kutazama bushi na tairodi, vile vipande vya chini vinavyoshikilia magurudumu, kabla hatujafunga chochote. Hilo la mwisho linatugombanisha na watu, kwa sababu gari ya miaka 20 mara nyingi ina bushi zilizokufa, na mimi nikiona hivyo namwambia mteja aanze na bushi, matairi yasubiri. Anaona namzungusha. Lakini nikimfungia juu ya bushi mbovu, tairi litalika upande wa ndani, miezi mitano atarudi na picha akisema nimemuuzia feki. Picha za namna hiyo ninazo kwenye simu, nyingi, na kila moja ina hadithi ya mtu aliyesema "funga tu fundi, hizo bushi nitafanya baadaye".

Alaimenti tunatoza pembeni, kwa sababu mashine siyo yetu. Kuhamisha matairi mbele na nyuma kila kilomita 10,000 hatumtozi aliyenunua kwetu, na mwenye foo wili asipitishe, ndiyo inayofanya manne yalike sawa.

Yule mama amesema atarudi Novemba kwa mawili yaliyobaki, kabla watoto hawajaja kutoka Dar. Nimemwekea alama kwenye daftari: ZCA, mawili, na tusisahau kuangalia mwaka wa spea.