Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Michezo ya Shule: Yule Mtaalamu Mliyewaahidi Waogeleaji Wetu Yuko Wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima inayostahili cheo chako, nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizokuletea ofisini hazikujibiwa, na kwa sababu waraka uliotolewa na ofisi yako siku chache tu baada ya fainali za kuogelea za shule umenimalizia subira kidogo iliyokuwa imebaki. Waraka huo unatutaka sisi wazazi tuwajenge watoto kisaikolojia nyumbani ili wasiiangushe timu tena. Niliusoma, nikaurudia, nikitumaini kwamba macho yangu ndiyo yenye kasoro.

Nikukumbushe, kwa kuwa najua una mengi, ulichokisema msimu uliopita timu ilipotwaa kombe. Ulisimama kando ya bwawa, kombe mkononi, ukatangaza mbele ya watoto, walimu na wapiga picha kwamba kabla ya msimu mpya waogeleaji watapata mtaalamu wa saikolojia ya michezo atakayekaa nao kila wiki. Tukapiga makofi. Msimu mpya umeanza na umekwisha, na mtaalamu huyo hatujamwona hata kivuli. Kilichokuja ni saa mpya ya kielektroniki ukutani, nzuri kweli, inayopima hadi sehemu ya mia ya sekunde. Sina ushahidi kwamba fedha za mtaalamu ndizo zilizonunua saa hiyo, ila sina maelezo mengine pia, maana ofisi yako haijaona haja ya kunipa.

Sasa tuje kwenye fainali. Binti yangu, mwenye umri wa miaka 13, alipanda kibao cha kuanzia mbio za mita 100 za mtindo huru, nami kutoka jukwaani nilimwona akiubana mkanda wa miwani yake, akiulegeza, kisha akiubana tena, mabega yamepanda karibu kufika masikioni. Aliruka kabla ya mlio. Kanuni ya kuanza mapema inajulikana na siilalamikii: anayetangulia ishara huondolewa, hapewi nafasi ya pili. Ninacholalamikia ni kilichofuata. Hajavua hata kofia, kocha alimkaripia mbele ya timu yake na timu za wenzao, akamwambia hana moyo wa kushindana. Kisha, machozi hayajakauka, akampanga kuogelea zamu ya mwisho katika mbio za kupokezana. Anayejua kuogelea anajua hofu inavyoufanya mwili majini: pumzi hukatika, kichwa huinuka kutafuta hewa, na kichwa kikiinuka nyonga na miguu huzama, huku mikono ikipigapiga maji kwa haraka bila kuyashika, ikimchosha mtoto pasipo kumsogeza. Alikabidhiwa zamu timu ikiongoza, ikamaliza ya nne. Tangu siku hiyo hataki hata kusikia bwawa likitajwa.

Na waraka wako unasema kasoro iko nyumbani.

Mheshimiwa, akili ya mwogeleaji hufunzwa, tena hufunzwa palepale bwawani, na mtu anayeijua kazi hiyo. Kocha Bob Bowman alimzoesha Michael Phelps, mwogeleaji wa Marekani, tangu utotoni kuyapitia mashindano yake kichwani kabla ya kulala na baada ya kuamka, akiona kila mkono na kila mgeuko, pamoja na mambo yanayoweza kwenda mrama. Mwaka 2008 kwenye Olimpiki ya Beijing, katika mita 200 za mtindo wa kipepeo, miwani ya Phelps iliingia maji hadi akawa haoni ukuta. Akahesabu mikono aliyokuwa akipiga, akagusa wa kwanza, na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 52.03. Sidai kila mtoto afundishwe kuwa Phelps. Nasema tu kwamba mtoto aliyefundishwa kupumua taratibu, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mwenye utaratibu wake wa kufuata kabla ya kupanda kibao, na aliyepewa lengo lililo mikononi mwake, kwa mfano kugeuka vizuri badala ya kuambiwa asirudi bila medali, anakuwa na kitu cha kushika hofu inapomjia. Mazoezi hayo huchukua dakika chache tu.

Wala nisieleweke kwamba namtaka mtaalamu ili kombe lirudi kabatini. Phelps huyohuyo, mwenye medali 28 za Olimpiki, amesimulia wazi jinsi sonona ilivyomfikisha mahali pa kutotaka kuishi baada ya michezo ya 2012. Caeleb Dressel, bingwa wa Olimpiki, alijiondoa katikati ya mashindano ya dunia ya 2022 huko Budapest. Hao ni watu wazima waliozungukwa na makocha na madaktari. Wetu ni watoto, na wamezungukwa na makelele.

Mimi nimeamka kabla ya alfajiri msimu mzima kumpeleka mazoezini, nimebadilishana zamu kazini, nimekaa kwenye benchi lenye unyevunyevu nikisubiri, na sikuwahi kulalamika, kwa sababu aliipenda kazi yake. Sasa nakesha naye akiniuliza kama yeye ni mwoga. Sikusomea saikolojia, najibu ninavyojua, na sijui kama najibu vema. Kama wazazi ndio tutakaoifanya kazi ya mtaalamu, basi waraka ujao utueleze pia lini ni zamu yetu ya kupuliza kipenga na kusafisha bwawa.

Ninaomba, kwa hiyo, mtaalamu uliyemwahidi aletwe kabla ya msimu ujao. Ikiwa hapatikani, makocha wapelekwe mafunzo, hata ya muda mfupi, ili wajue la kumwambia mtoto aliyeshikwa na hofu. Ikiwa hilo nalo ni zito kwa ofisi iliyoweza kununua saa ya kielektroniki, basi toa amri moja isiyohitaji hata senti: kocha asimkaripie mtoto bwawani mbele ya watu. Akitaka kumkosoa, asubiri atulie, na amkosoe faraghani. Amri hiyo unaweza kuitia saini leo, kabla hujatoka ofisini. Tafadhali itie saini, Mheshimiwa, na waraka ule wa kwetu wazazi uufute.

Nasubiri jibu lako, safari hii mbele ya watu wote.

Wako,
Mzazi wa mwogeleaji