Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: taka za sokoni zisiishie dampo

Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri,

YAH: KUTENGANISHA TAKA ZA SOKONI KABLA YA ZABUNI MPYA

Salaam. Mimi ni muuza ndizi katika mojawapo ya masoko ya halmashauri yako hapa Dar es Salaam. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe linatugusa wengi: wauza mboga, mama lishe, wakaanga chipsi, wenye hoteli, na wewe unayesaini mkataba wa mzabuni wa taka.

Fika sokoni alfajiri, malori yanaposhusha mzigo. Mikungu inakuja imefunikwa majani makavu ya migomba. Tukishakata vichane, yanabaki majani na vikonyo. Pembeni kuna nyanya zilizopasukia ndani ya tenga, majani ya nje ya kabichi, maganda ya machungwa ya wauza juisi. Saa hiyo taka hizo ni safi, ungeweza kumlisha mbuzi. Ikifika jioni zimeshachanganyika kwenye ghuba la kukusanyia taka na chupa, viroba na vipande vya nailoni, zinachuruzika maji meusi, na hakuna anayezitaka tena. Lori linazibeba kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi.

Mabaki hayo yakifukiwa chini ya lundo pasipo hewa, huoza na kutoa gesi ya methani. Ukihesabu miaka 20, tani moja ya methani huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya tani moja ya hewa ya ukaa. Ila methani haidumu angani kama hewa ya ukaa. Baada ya miaka kama 12 sehemu kubwa yake huwa imekwisha. Ndiyo sababu naomba tuanze sasa. Tukiipunguza mwaka huu, nafuu tutaiona sisi wenyewe tulio hai. Na mabaki hayohayo yakitengenezwa mboji, yakawa yanapinduliwa yapate hewa, methani inayotoka ni kidogo sana.

Jijini humu njia imeshaonekana. Kinondoni, kwa kushirikiana na jiji la Hamburg la Ujerumani, walijenga kituo cha mboji Mabwepande kinachotumia taka za masoko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo imeshazipa halmashauri jukumu la taka ngumu. Kilichobaki ni makubaliano kati yako na sisi.

Kwa maoni yangu, pa kuanzia ni mkataba. Mzabuni anayelipwa kwa kuondoa taka tu hana sababu ya kujali zimechanganywa au la. Muuza mboga naye analipa tozo ileile, atenganishe asitenganishe. Andika katika zabuni ijayo kwamba taka zinazooza zitakuwa na safari yake, mapema, kabla ya jua kali. Mfanyabiashara anayetenganisha apunguziwe tozo. Tutengewe eneo la mboji lisilo mbali na soko, na kikundi cha vijana watakaolisimamia kifikiriwe katika ile mikopo ya vikundi inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Halafu halmashauri iwe mteja wa kwanza wa mboji hiyo, kwa bustani zake na miti ya barabarani. Bila mnunuzi wa uhakika, kikundi hakitafika mbali.

Sisi nasi tuna wajibu wetu, na sitaki kazi hii ionekane mzigo wa serikali peke yake. Mapipa tunaweza kuyanunua kwa kuchangishana kila safu ya vizimba. Uongozi wa soko unaweza kumsimamia anayetupa chupa kwenye pipa la maganda. Wenye hoteli, ambao nao wana mabaki mengi ya jikoni, waitwe mezani tangu mwanzo.

Usituhofie kwamba hatubadiliki. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, wafanyabiashara tuliachana nayo na kuhamia mifuko mbadala, kwa sababu tarehe ilitajwa na kila mtu alijua anachotakiwa kufanya.

Naomba utuite, wawakilishi wa masoko, wenye hoteli na afisa mazingira wako, tukae kikao kimoja kabla zabuni mpya haijatangazwa. Ikishatangazwa tutakuwa tumechelewa, maana mkataba ukisainiwa ni vigumu kuugusa hadi muda wake uishe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Muuza ndizi, Dar es Salaam