Kabla hujachukua fomu, mwanangu

Mwanangu Baraka,

Tangu uniambie unagombea kiti cha wadi, na duka la nafaka utamwachia mdogo wako, usingizi umenipaa. Sikukatazi. Ila yuko mfanyabiashara aliyekutangulia katika njia hiyo, na bustani yake unaipita kila siku.

Nilipokuwa kibarua mjini, chakula changu cha mchana kilikuwa njugu za kukaanga kwenye kikaratasi, nikizila pale kwenye bustani ya Jeevanjee, Nairobi, huku wahubiri wakipaza sauti chini ya miti. Hakuna aliyewahi kunidai hata senti ya kuketi.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa 1890 kutafuta riziki. Reli ilipoanza kujengwa alileta vibarua kutoka India, akauza, akajenga, akatajirika. Gazeti aliloanzisha Mombasa ndilo lililokuja kuwa The Standard. Mwaka 1906 akawapa watu wa Nairobi bustani ile. Baadaye akaingia Baraza la Kutunga Sheria, wa kwanza asiye Mzungu, wakati ambapo Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba kwenye nyanda za juu. Ubaguzi huo aliupigia kelele hadi London.

Hapo namvulia kofia. Lakini huko huko London, mwaka 1910, aliliambia gazeti moja kwamba nchi hii iunganishwe na himaya ya India. Nilipolisoma hilo moyo uliniuma. Babu zetu walikuwa hapa, wanalima. Mtu aliyejua uchungu wa kufungiwa mlango hakuona kwamba nyumba ina wenyewe.

Mwaka 1991 wakubwa walitaka bustani ile ijengwe jumba la kuegesha magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama kidete, wananchi wakamuunga mkono, na mpango ukafa. Ndiyo maana miti ile ungali unaiona.

Sasa, mkutano wako wa Jumapili. Umenitajia wenye maduka, umenitajia wenye nyumba za kupangisha. Wapangaji je? Na Mama Mboga aliyekaa mbele ya duka letu tangu ukiwa mgongoni mwangu, umemwambia? Nambari yake iko nyuma ya daftari la madeni, nimeiandika kwa kalamu nyekundu. Mpigie leo kabla hajafunga kibanda.

Mamako